Pua Hutangulia Mdomo

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama sayansi inajua kwa nini binadamu hubusiana, na kama ni maumbile yetu au tumeigana tu. Ungemwuliza mama yako, ungejibiwa kwa kicheko. Ila mimi niliyefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, siwezi kujizuia.

Kwamba ni desturi ya watu wote, hapana. Mwaka 2015 watafiti walipitia jamii 168, wakakuta wapenzi wakibusiana midomoni katika asilimia 46 tu, na hata neno letu busu asili yake ni Kiajemi. Lakini hapo hapo najipinga mwenyewe, kwa kuwa sokwemtu wa Gombe nao hugusanisha midomo wanaposalimiana na wanapopatana baada ya ugomvi, nao hawakufundishwa na sinema. Wapo wasemao yote yalianza kwa mama kumtafunia mtoto chakula na kumtia kinywani, na huenda ikawa kweli. Mimi, kama mnavyonijua hapo nyumbani, nashikilia kwamba pua hutangulia mdomo. Mwaka 1995, huko Bern, Uswisi, wanawake walinusishwa fulana zilizovaliwa na wanaume, na wasiotumia vidonge vya kuzuia mimba walipendelea harufu za wale ambao jeni zao za kinga ya mwili zilitofautiana na za wanawake hao. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, nakiri, lakini sijabadili msimamo.

Bibi yako hakuhitaji fulana. Kila mjukuu, nawe ukiwemo, alimnusa utosini kwa pumzi ndefu, akatangaza, “Huyu wetu.” Mwaka 1974, katika stesheni ya Tanga, nikienda kuanza sekondari na sanduku langu la bati, alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya wavulana niliokuwa nikisafiri nao, akaniwekea pua shavuni, akavuta pumzi. Mmoja wao akacheka, nami nikajifuta kwa mkono wa shati. Hapakuwa na mate ya kufuta, Zuhura. Alikuwa amenusa tu. Akaniona. Hakusema neno, alinikabidhi mikate ya kumimina aliyoifunga kwa gazeti, akarudi nyuma hatua mbili, na tangu siku hiyo hadi anafariki aliniaga kwa kunipa mkono.

Najua ulitaka niamue kama ni maumbile au ni mafunzo. Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha, lakini ningewanyima alama wanafunzi wangu kwa kuhitimisha jambo kutokana na shavu moja, basi naliacha hapo, ingawa kama mtu hufundishwa, sijui nani alimfundisha yeye.

Kabla ya kukuandikia nilifungua lile sanduku nikaitoa kanga yake, ile mama yako aliyokataa kuigawa. Imebaki harufu ya naftalini tu.

Baba yako