Mteja anataka picha "orijino": nimpe faili gani?

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga picha za harusi hapa Masasi. Kaka wa bwana harusi mmoja amenibana nimpe picha "orijino", na akasema anataka RAW, yaani faili ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera. Rafiki yangu ananishauri nitoe PNG kwa kuwa haipotezi ubora. Halafu kuna bibi harusi mwingine alipeleka picha zangu kusafishwa Mtwara mjini, kanga nyekundu za mashangazi zikatoka zimechujuka, wakati kwenye laptopu yangu zinang'aa. Nitoe faili za aina gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Toa JPEG zenye rangi za sRGB, ule mpangilio wa rangi unaoeleweka na vifaa vingi, mafungu mawili: moja la kusafishia, moja la simu. Jibu ni hilo tu, ila huyo kaka mtu atakuja na maneno, na inabidi uwe na la kumjibu.

Nianze na kanga, maana hizo ndizo zinazokuharibia jina. Angalia majina ya picha jinsi yanavyotoka kwenye kamera. Kama ni Canon na yanaanza na _MG badala ya IMG, au ni Nikon na yanaanza na _DSC badala ya DSC, hako kamstari ka mwanzo kanakuambia kamera imewekwa Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi. Huo unabeba rangi nyingi kuliko sRGB, na programu yako ya kuhariri inauelewa, ndiyo maana kwako zinang'aa. Kompyuta ya studio isiyosoma wasifu wa rangi, yaani lebo ndani ya faili inayotaja mpangilio wake, inachukua namba zilezile na kuzichukulia kuwa ni sRGB. Hapo nyekundu inachujuka, na lawama anabebeshwa mpiga picha.

Weka sRGB kwenye kamera, kisha iweke tena pale unapotolea picha kwenye Lightroom au programu unayotumia, kwa sababu ukipiga RAW, chaguo la kamera halibadilishi data ya RAW yenyewe. Picha za yule bibi harusi bado zinaokoka: zipitishe kwenye Convert to Profile ya Photoshop, uchague sRGB. Usiguse Assign Profile. Hiyo inabadilisha lebo tu na kuziacha namba zilivyo. Na CMYK, mpangilio wa wino nne wa wachapaji, usijitafutie. Mashine za kusafishia picha kwa kawaida zinataka sRGB. Mwenye kiwanda cha uchapaji akihitaji CMYK atakuambia mwenyewe, na atakuambia ya aina gani.

Sasa RAW. Mteja akisema "orijino", mara nyingi anachotaka ni picha kubwa isiyo na ukungu wala maandishi ya jina la studio juu yake. Muulize atazifungulia wapi, utaona anataja simu na televisheni. RAW haijapewa mwanga wala rangi ya mwisho, na bila programu maalumu hataiona ipasavyo. Aliyeagiza korosho za kukaanga humpelekei gunia la korosho ghafi. Zaidi ya hapo, kuna binamu atakayezipaka rangi anavyojua yeye, na jina litakalotajwa kwenye kundi la familia ni lako. Akishikilia, iwe ni huduma ya pembeni yenye bei yake, iandikwe kwenye makubaliano kabla ya siku ya harusi. Wewe zitunze RAW kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti.

Rafiki yako kuhusu PNG amesema kweli nusu. Haipotezi kitu wakati wa kuhifadhi, lakini ukiigeuza JPEG kuwa PNG, kilichokwishapotea hakirudi. Unaongeza uzito tu. PNG inafaa kwa kadi ya mchango, au herufi za majina ya maharusi zisizo na rangi nyuma. TIFF, aina nyingine ya faili isiyopoteza ubora, ndiyo nzito kupindukia: picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ikihifadhiwa kwa biti 16 bila kubanwa, inafika MB 144. Harusi yenye picha 500 ingekula GB 72. JPEG ya ubora wa juu ya picha hiyohiyo inaweza kuwa MB 8 hivi, kwa hiyo 500 ni GB 4, na flashi ya GB 8 inatosha.

Fungu la kusafishia litoe kwa ukubwa kamili, ubora 90 kati ya 100 na kuendelea. Pikseli 6000 kwa 4000 zinakupa inchi 20 kwa 13 kwa pikseli 300 kila inchi, yaani hata fremu ya sebuleni haikusumbui. Zitoe moja kwa moja kutoka kwenye RAW. JPEG inayofunguliwa, kuguswa na kuhifadhiwa tena inapungua ubora kila mara.

Fungu la simu lifanye pikseli 2048 upande mrefu, ubora 80. Hapa kuna mtego wa WhatsApp. Chukua picha ya mkono wa bibi harusi wenye hina, itume kwa njia ya kawaida, kisha ivute: vimistari vyembamba katikati ya vidole vimemezwa na ngozi, na kingo zimejaa visanduku. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana ndivyo vinavyojitokeza. Ukiituma kama dokumenti inafika ilivyo. Waambie hivyo familia nzima, maana shangazi akiisambaza upya kama picha ya kawaida inabanwa tena. Ndugu aliye Newala mwenye bando dogo mtumie fungu la simu. Lile kubwa liende kwa flashi.

Jambo la mwisho ni televisheni. Usichague "progressive" unapohifadhi JPEG; baadhi ya televisheni hazifungui picha za namna hiyo, zinaonyesha kioo cheusi. Acha "baseline". Kabla hujamkabidhi mteja flashi, ichomeke kwenye televisheni ya jirani na kwenye simu isiyo yako, upite picha chache za mwanzo na za mwisho.