Ukiitwa kujaza gesi AC ya helikopta, mazoea ya gereji yaache getini

Mwangaluka wadau. Mi ni fundi AC hapahapa Mwanza, nilianzia kwenye Noah na Haisi za Igoma nikahamia magari ya baridi yanayobeba samaki, miaka kumi na mbili nashika geji, na kama ungeniuliza kipindi hicho ningekwambia hakuna AC itakayonisumbua. Siku moja nikapigiwa simu na injinia wa ndege, kuna helikopta imelala pale uwanjani, kesho inapeleka wageni Serengeti na ndani inapuliza joto kama tanuri, njoo unisaidie. Nikatupia geji zangu na makopo mawili ya gesi kwenye begi nikapanda bodaboda. Makopo mawili! Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Kitu cha kwanza alichofanya injinia ni kunipokea lile begi na kuliweka pembeni. Akasema mdogo wangu, hapa hatugusi kitu mpaka tufungue kitabu cha matengenezo cha helikopta yenyewe. Na hili nilisemee mapema kwa vijana wenzangu: kwenye helikopta anayesaini kazi ni injinia mwenye leseni inayotambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, we hata uwe mkali vipi unafanya chini ya macho yake, na kila ulichogusa kinaandikwa. Akikuita mtu akakwambia "piga gesi fasta rubani anasubiri" na injinia hayupo wala kitabu hakipo, geuza bodaboda urudi zako Nyakato.

Sasa ukifungua kava utasema aah kumbe ni ileile. Na kweli ni ileile: kompresa ya kusukuma gesi, kondensa ya kutoa joto nje na feni yake, draya ya kunyonya unyevu, ekspansheni valvu ya kushusha presha, evaporeta ya kupoza ndani, na gesi ya kupozea R134a. Ile niliyofanyia kompresa yake inazungushwa na mkanda, zipo nyingine za mota ya umeme. Tofauti iko kwenye madhara. Gesi ikipungua kwenye Noah, oili inayosafiri na gesi nayo hairudi vizuri, kompresa inakauka, inajam, mkanda unakatika, unapaki pembeni pale Buzuruga unapiga simu. Helikopta mkanda ukikatika vipande vinarukia vitu vilivyo jirani na injini, na chini yako ni ziwa. Ndo maana mambo mengine tunayoyaona madogo kule gereji, hapa yanafanya injinia anakunja uso.

Tulianza na kondensa kabla hata ya geji. Anayekaa kandokando ya ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaopanda toka majini kama moshi mweusi, ukiwa na taa kibarazani asubuhi unafagia na kijiko cha takataka. Basi nusu ya kondensa ilikuwa imezibwa na wao, wamechanganyika na vumbi wakawa kama uji uliokauka. Kondensa isipopumua presha ya juu inapanda, swichi inakata kompresa, na fundi asiye na subira anasema gesi. Tukaosha kwa brashi laini na maji ya presha ndogo, mapezi yale ya aluminiamu ukiyapiga maji ya kuoshea Fuso yanalala yote.

Bado ilikuwa haipoi vizuri. Nikasema basi tuongezee kidogo. Injinia akaniuliza, imeenda wapi iliyokuwepo? Nikakosa jibu. Gesi ya AC haitumiki kama petroli jamani, inazunguka humohumo, ikipungua imetoka mahali. Mteja wa daladala ukimwongezea leo anarudi baada ya miezi miwili na wote mnafurahi, we unakula yeye anapoa. Hapa hapana.

Na presha haikwambii gesi ipo kiasi gani, hilo nakiri nililijua nusu nusu. Mtambo ukiwa umezimwa, geji inasoma joto tu. R134a kwenye nyuzi 25 itakuonyesha psi 80 na kidogo, helikopta hiyohiyo ikipigwa jua mpaka nyuzi 35 itasoma kama 115, na iwe imejaa au imebaki nusu namba ni zilezile, mradi ndani kuna tone la gesi iliyo majimaji. Kwa hiyo njia ya kweli ni moja: unavuta gesi yote kwa mashine kwenye mtungi wa kurejeshea, unaipima, halafu unalinganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Usiiachie hewani. R134a haitoboi ozoni ila kwa kupasha dunia joto kilo yake moja ni kama kilo 1,400 za kaboni dioksaidi, ndo maana ipo kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi za namna hiyo. Na ule mtungi wa kurejeshea usijazwe zaidi ya asilimia 80, gesi ikipata joto inatanuka, ikikosa nafasi mtungi unapasuka. Ile mitungi ya kutupwa ya kilo 13.6 usiirudishie gesi kabisa, haikutengenezwa kwa hilo.

Kutafuta panapovuja tulitumia naitrojeni kavu. Kijana mmoja pale akapendekeza tutumie upepo wa kompresa ya matairi, bei rahisi. Upepo una unyevu, na R134a iliyobaki ikichanganyika na hewa chini ya presha inaweza kushika moto. Oksijeni ndo usithubutu hata kuiwaza, oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka. Na mtungi wa naitrojeni uliojaa una zaidi ya psi 2,000, bila reguleta ya kupunguza presha unapasua evaporeta na uso wako, presha ya kupimia ni ile ya kwenye kitabu. Tukapaka povu la sabuni kwenye maungio, kumbe hata kabla ya povu macho yangesema: ungio moja nyuma ya kiti lilikuwa na vumbi lenye mafuta mafuta, yote mengine vumbi kavu. Gesi ikitoka inatoka na oili. Oringi, kale kampira ka kuzuia kuvuja, ilikuwa imekauka inakatika kwa kucha. Elfu ngapi vile? Bei ya soda.

Hapo ndo nikaungua kidole, na wala haikuwa moto. Wakati wa kuchomoa hosi kulikuwa na kagesi kamebaki, na mi glovu nilikuwa nimevua nipate kushika oringi vizuri. Ikanipiga kwenye kidole cha shahada, sekunde moja tu, pakawa peupe kama nta, sisikii kitu, halafu baadaye maumivu yake usiombe. R134a ikiachiwa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Jicho lingekuwaje? Injinia akanikataza kusugua, akaniwekea maji ya uvuguvugu, sio ya moto. Miwani na glovu toka mwanzo mpaka kizibo cha mwisho kinafungwa, na milango ya hanga, lile banda la ndege, iwe wazi, maana hii gesi ni nzito kuliko hewa inalala chini, haina harufu ya kukustua na inafukuza hewa unayovuta. Sigara marufuku na hita yenye moto marufuku, ikipita kwenye moto inageuka sumu inayokula mapafu.

Tukabadilisha oringi, tukaweka draya mpya maana mfumo ulishafunguliwa, tukaongeza oili ileile iliyoandikwa na kwa kipimo, ile oili inakunywa unyevu kama chumvi ya Uvinza kwenye masika kwa hiyo kopo likifunguliwa unalifunga hapohapo.

Halafu vakyumu, yaani kuvuta hewa yote itoke ndani kwa pampu, na hapa ndo niliaibika.

Nimeangalia video zote za mafundi wa nje, wanasema vuta mpaka geji isome inchi 29. Nikawasha pampu, nusu saa, sindano imesimama 26. Nikasubiri tena, 26. Nikasema bado inavuja, nikaanza kukaza maungio moja moja jasho linanitoka, nikabadili hosi, nikailaumu pampu. Injinia amekaa kwenye kreti anakunywa chai ananiangalia. Mwisho akasema, "Unatafuta inchi tatu ambazo Mungu hakuzileta Mwanza."

Yani geji inapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Dar pale baharini hewa inasukuma kama inchi 29.9 za zebaki. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, uwanja uko juu kidogo ya hapo, hewa yetu ni kama inchi 26 tu, kwa hiyo hata ukiondoa kila kitu ndani sindano haiwezi kupita hapo. Miaka kumi na mbili nafanya kazi hapa nilikuwa nadhani geji zangu ni mbovu! Na ubaya wake ni huu: vakyumu tunaivuta ili maji yaliyomo yachemke yatoke, na kwa joto la nyuzi 25 maji hayachemki mpaka ubakize chini ya inchi moja, maana yake geji ya hapa inabidi ipite 25. Kwa hiyo kazi yote inafanyika kati ya 25 na 26, kamstari kamoja kwenye geji ya kawaida, huwezi kujua umefika au bado. Injinia akatoa geji ya maikroni, hiyo inapima kilichobaki ndani bila kujali uko Mwanza au Tanga. Tukashuka mpaka chini ya maikroni 500, tukafunga, tukasubiri nusu saa kuona kama inapanda. Unyevu ukibaki utaujua baadaye, AC inapoa vizuri dakika kumi inakata, inarudi, inakata, ni barafu inaziba kwenye ekspansheni valvu.

Gesi yenyewe, makopo yangu mawili yalikataliwa. Niliudhika, nilinunua kwa hela yangu. Ila sisi watu wa reefa za minofu ya sangara tunapaswa kuikumbuka ile ya 2011, makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil mafundi wakafa, ndani kulikuwa na gesi iliyochakachuliwa kwa kuchanganywa na gesi nyingine ya R40, ambayo ikikaa na aluminiamu inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikigusana na hewa. Helikopta imejaa aluminiamu. Nyingine zinachanganywa na gesi ya jikoni, inapoa kweli, na inapita karibu na tenki la mafuta. Gesi iwe na karatasi zake, na ipimwe kwa kitambuzi cha gesi kabla haijaingia.

Tukaweka mtungi kwenye mizani, tukaingiza kwa gramu zilizoandikwa, sio kwa kushika bomba kuona limepoa. Injini ikiwa inazunguka unaingiza upande wa presha ndogo tu, ukikosea ukafungua wa juu presha inarudi kwenye mtungi. Hapa kuwasha ni kazi ya rubani kwenye usukani wake, rota inazunguka, hosi zote zimefungwa zisipeperuke, kofia huvai, na mkia hausogelei hata kama umedondosha simu. Mi nilisimama mbele upande ambao rubani ananiona, nanyanyua dole gumba kama mtoto wa shule.

Ikapoa. Rubani akauliza kama anaweza kuruka nayo ikiwa imewashwa muda wote, injinia akamfungulia kitabu, pale palipoandikwa izimwe wakati wa kupaa kwa sababu inakula nguvu ya injini. Akaandika gramu, namba ya oringi, saa, akanyanyua kalamu asaini, halafu akaanza kuhesabu vifaa. Geji zipo. Spana zipo. Vizibo vya valvu za kujazia, kimoja kipo.

Kimoja.

Tulifungua kava tena, tukalala chini na tochi, tukapekua chini ya viti, dakika arobaini, wageni wamefika wanapiga picha, rubani ameshavaa miwani ya jua anaangalia saa, injinia hasemi neno, na bila kile kizibo haruki mtu. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, nilikiweka pale wakati natafuta maji ya kidole.