Ukitaka kuimba kijembe, anzia kwa Muyaka

Vijana wengi wa Mwanza wanaotunga nyimbo wanataka maneno makali, ya kumchoma mtu bila kumtaja jina. Wanayatafuta mbali, na ilhali mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyaweka mezani zamani. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1776, akafariki 1840. Aliishi enzi za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, akawarushia vijembe watu wa Lamu na Seyyid Said, sultani wa Unguja, na bado akapata nafasi ya kutunga kuhusu mapenzi, njaa na marafiki wanafiki. Watafiti humwita mtu aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Umbo alilolipenda, ubeti wa mishororo 4 yenye mizani (silabi) 16 kila mmoja, ndilo lililojaza kurasa za mashairi magazetini na likaingia kwenye taarabu. Hukohuko Mombasa, Ahmad Nassir Juma Bhalo alichapisha Malenga wa Mvita mwaka 1971, na tungo zake zikaimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo, mpaka zikajulikana na watu wasiowahi kufungua diwani.

Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens aliyatoa kitabuni mwaka 1940, kisha Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake mwaka 1979, chenye maelezo na tafsiri ya Kiingereza. Kwa anayeanza, hicho cha Abdulaziz ndicho bora, kwa sababu kijembe usichojua kilimlenga nani hakina makali. Angalizo: beti zenyewe ni za kale mno, hazina mwenye kukudai, ila maelezo na tafsiri ni kazi ya mhariri. Usizinakili ukaziita zako.

Kikwazo cha kwanza ni lahaja. Muyaka anatumia Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. “Ndoo” kwake ni njoo, “ndia” ni njia, “mato” ni macho, na “kuteka” ni kucheka. Aliyezoea kuteka maji ziwani kwa ndoo atapotea kwenye mshororo mmoja tu. Andika maana pembeni kwa penseli, lakini usiyageuze maneno yenyewe kuwa Kisanifu. Ukiweka “macho” mahali pa “mato”, kina cha -to kimekufa na ubeti mzima umelegea.

Ukishaushika mwendo wake, tunga wako. Huu hapa wa kwetu, wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa:

Mvuvi wa mdomoni, nyavu hazijui maji,
Ashinda pale mwaloni, awachosha wauzaji,
Jioni ndoo begani, arudi kwake mwombaji,
Sangara hanaswi pwani, kwa ndimi za wasemaji.

Hesabu kwa vidole. M-vu-vi-wa-m-do-mo-ni: 8. Nya-vu-ha-zi-ju-i-ma-ji: 8. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ile m ya “mvuvi” ni mizani kamili, kwa hiyo neno lina mizani 3, lakini “mbuzi” ina 2 tu, kwa kuwa mb- inatamkwa kwa pamoja na irabu yake. “Dagaa” ni 3. Waimbaji huimeza ile a ya mwisho, kisha wanashangaa ngoma imewatangulia. Vina navyo vina mtego wake kwetu Kanda ya Ziwa, ambako wengi hutamka r na l karibu sawa. “Kura” na “kula” havifanyi kina kimoja. Hapa Kirumba, Mwanza, kosa hilo huenda likapita, Mombasa watalisikia papo hapo.

Sasa muziki, na hapa tukae kidogo. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya 7 ya kila kipande (nusu ya mshororo): mdo-MO-ni, MA-ji. Ukianza kuimba kwenye pigo la kwanza la duru ya mapigo 4, silabi mbili kila pigo, mizani ya 7 itaangukia pigo la 4, ambalo ni dhaifu, na wimbo utasikika kama unasomwa na mgeni. Dawa yake ni kunyamaza pigo la kwanza. Anza pigo la pili, mimina silabi 6 katika mapigo 3, na ile ya 7 itatua yenyewe juu ya pigo la kwanza la duru inayofuata. Ishikilie mapigo 2, kisha mizani ya 8 nayo mapigo 2. Kila kipande basi kinachukua duru 2, na ubeti mzima duru 16. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ubeti ni sekunde 40. Beti 4, utangulizi wa sekunde 20, na waitikiaji wakirudia mshororo wa mwisho kwa sekunde 10 baada ya kila ubeti: jumla ni dakika 3 na sekunde 40.

Mshororo wa mwisho ndio wa kuitikiwa, maana ndimo Muyaka anamokaza fundo. Ukiupoteza kwa maneno ya kujaza mizani, kama “ndugu zangu sikizeni”, waitikiaji hawatakuwa na kitu cha kurudisha. Wengi humaliza mishororo mitatu kwanza, wakifika wa nne pumzi imekwisha. Utunge huo kwanza, kisha urudi juu.

Muyaka aliandika akijua Lamu watamjibu, na walimjibu. Usukumani desturi hiyo si ngeni: Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, hushindana kwa ngoma na nyimbo, na kila upande unajua utarudishiwa. Kwa hiyo ukiupeleka wimbo wako jukwaani, mwachie mwenzako kina cha kudakia. Kina cha -ji kina maneno tele, atakuja na “mtegaji” au “mlaji” jioni hiyohiyo. Ukifunga kwa kina kigumu kama -gwe, umejihakikishia ukimya.