Kabla hujashangilia kwamba kompleksi yako imevunja C–H

Wiki hii nimemwona mdogo wetu mwingine wa maabara anasema kompleksi yake (metali iliyoshikwa na molekuli ziitwazo ligandi) imevunja C–H, yaani bondi ya kaboni na hidrojeni, anashangilia mavuno ya asilimia 80 na hajafanya blanki hata moja, yaani jaribio lilelile bila kompleksi, roho imeniuma kweli maana njia hiyo nimeipita. Kaeni niwaambie.

1. Jueni mnapambana na nini. C–H ya methani inataka karibu kilojuli 439 kwa moli, na metali haiivunji kwa ubabe, inapokea elektroni za bondi ya sigma huku inazirudisha za kwake kwenye sigma nyota (obitali ambayo ikipata elektroni inadhoofisha bondi hiyo) mpaka bondi inalegea. Sasa hapo lazima pawe na nafasi wazi! Ile kompleksi ya iridiamu ya mkemia Bergman ya 1982 ilisubiri mwanga uing'oe H2 kwanza. Ukishaizungushia metali fosfini (ligandi za fosforasi) kila upande, methani ikae wapi?

2. Blanki, jamani. Miezi minne nilikuwa na kompleksi ya paladiamu naunganisha arili bromidi (pete ya aina ya benzeni yenye bromini) na C–H ya heterosaikli (pete yenye atomu isiyo kaboni), mavuno mazuri, saikli ya hatua za riakisheni nimeshaichora na mishale yote. Nikibadilisha ligandi mavuno hayasogei, mi nikasema ah, mfumo imara huu. Mwanzoni riakisheni inalala karibu dakika 40 halafu inapanda ghafla, nayo nikaiacha ipite. Siku supavaiza ananiuliza "bila kompleksi inakuwaje?" nikaona ananichelewesha tu, nikaweka kila kitu isipokuwa kompleksi, jioni napima napata asilimia 60. Sikulala. Kesho yake nikachukua sumaku mpya ya kukorogea, sifuri. Ile ya zamani ukiitazama vizuri mikwaruzo ya teflon ilikuwa na weusi, paladiamu ya riakisheni zilizopita, ndiyo iliyokuwa inafanya kazi muda wote na ligandi zangu zote nilizotengeneza kwa wiki na wiki hazikuhusika. Nililia kwenye korido, nasema kweli.

Kwa hiyo blanki ya sumaku ileile uliyotumia, na nyingine ya sumaku mpya, zote mbili.

3. Fosfini ipigeni NMR ya 31P (kipimo kinachoonyesha hali ya fosforasi) kabla ya kuanza, oksijeni haipigi hodi, inaioksidisha kimyakimya.

4. Kiyeyusho nacho kina C–H. Ya benzeni ni ngumu kuliko ya alkani yako, ila metali nyingi zitaikimbilia hiyohiyo kwa sababu bondi ya metali na arili inayopatikana ni imara zaidi, watu wanahangaika wiki nzima substreti (molekuli unayotaka ibadilike) haijaguswa kumbe metali imeshamalizana na kiyeyusho.

We wa asilimia 80, kesho nafika maabara mapema. Njoo na hiyo sumaku yako tufanye blanki wote wawili.