Dole Usilitie: Mikarafuu ya Baba na Haki ya Mtoto wa Kike

*Assalamu alaykum Bibi. Baba yetu amefariki, mwaka wa nne huu. Katuacha na mama, watoto wa kike watatu na kaka zetu wawili. Kaacha mikarafuu 80 huku Konde, Pemba, na nyumba anayokaa mama. Tangu hapo kaka mkubwa ndiye anayechumisha na kuuza, sisi hutupa cha Idi. Nikiuliza, hunambia, "Wewe ushaolewa, una kwako." Juzi kaniletea karatasi nitie dole, ati ni ya kumruhusu kusimamia shamba. Sijatia. Naogopa kumshitaki ndugu yangu, na mama hataki kusikia habari hizo. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Konde*

Waalaykum salaam mwanangu. Hilo dole usilitie. Nilipokuwa karani wa mahkama nimeandika mashauri ya mirathi yaliyoanzia kwenye karatasi kama hiyo: mtu kaambiwa ni ya usimamizi, ikisomwa mbele ya kadhi inasema kaiachia sehemu yake. Mwombe kaka nakala, mpe mtu unayemwamini akusomee, kisha ndiyo ujue la kumjibu.

Kuolewa hakukuondoi katika mirathi ya baba yako. Kaka akibisha, mwambieni afungue Suratun Nisaa, aya ya 7, halafu ya 11 na 12. Mtoto wa kike ana fungu lake, kiwe kilichoachwa kidogo au kingi.

Hesabu yenu ni nyepesi. Mama ni thumuni (moja ya nane), kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki mnagawana watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwa mikarafuu 80: mama 10, kila binti 10, kila kaka 20. Hiyo ni baada ya kulipa gharama za maziko na madeni ya baba, na wasia kama aliusia, nao hauzidi thuluthi (moja ya tatu). Nachukulia pia kuwa wazazi wa marehemu walishatangulia. Aliye hai kati yao ana sudusi (moja ya sita) yake na hesabu inageuka. Na kama shamba ni katika zile eka tatu zilizotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi, lisemeni mapema, kwani ardhi ile ina masharti yake.

Mikarafuu haifanani. Mmoja unazaa magunia, mwengine mkongwe hautoi kitu. Kwa hiyo msigawane kwa kuhesabu mashina tu. Familia nyingi huliacha shamba pamoja na kugawana fedha kila msimu, nami naona hivyo ndivyo bora kwenu. Karafuu huuzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na huko mtu hupewa stakabadhi ya uzito na malipo. Mwombeni kaka stakabadhi za misimu yote. Naye mumtendee haki: palizi, wachumaji waliolipwa kwa pishi, uanikaji na gari, vyote vitolewe kwanza. Akitaka ujira wa usimamizi, mkubaliane na muandike.

Nyumba ni mirathi vilevile, lakini mnaweza kuridhiana mama akae humo umri wake wote. Mwambie hivyo mapema. Huenda anachokiogopa ni kutolewa.

Kuhusu kushitaki: anza na wazee wa ukoo na sheha. Wakishindwa, chukua cheti cha kifo, barua ya sheha, orodha ya warithi na orodha ya mali, uende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ofisi ya Pemba. Kazi yao mojawapo ni kugawa mirathi ya Waislamu. Huwaita warithi wote na kuwasikiliza. Kwenda huko si kumshitaki mtu. Kaka akikataa hata hapo, ndipo Mahkama ya Kadhi. Rufaa zake huishia Mahkama Kuu ya Zanzibar, haziendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa hivyo usitishwe na maneno kwamba kesi itakupeleka Dar es Salaam. Kama huna uwezo wa wakili, nenda Kituo cha Huduma za Sheria au kwa msaidizi wa sheria wa wilaya yako.

*Bibi, nimeachwa mwezi uliopita. Nyumba ya Mwanakwerekwe tulijenga pamoja, mimi kwa fedha za kuuza maandazi, ila hati ina jina lake. Nina changu?*
*Muuza Maandazi, Unguja*

Unacho cha kudai. Sheria ya Mahkama ya Kadhi Na. 9 ya 2017 inamruhusu kadhi kugawa mali ya ndoa pale mchango halisi unapothibitika. Sasa tafuta ushahidi: risiti za saruji na mabati, fundi aliyepokea fedha mkononi mwako, daftari la mchezo wa kupeana fedha ulioupokea ukaezekea. Uende nao mahkamani, na pamoja na nyumba udai matumizi yako ya eda na ya watoto.