Modemu moja, kompyuta mbili za Windows XP

Inawezekana kompyuta mbili za Windows XP, zilizounganishwa kwa waya wa mtandao, kutumia intaneti ya modemu moja, na huna haja ya kununua ruta (kifaa cha kugawa intaneti). Kwenye kompyuta yenye modemu ya USB fungua Network Connections, bofya kulia muunganisho wa modemu, ingia Properties kisha Advanced, weka tiki pale pa kuruhusu kompyuta nyingine kutumia intaneti yako. Kadi yake ya mtandao itajipa anwani ya mtandao 192.168.0.1. Kompyuta ya pili iache ichukue anwani yenyewe. Ukiona anwani hiyo inaanza na 169.254 ujue kompyuta hazijaonana, na kwa mashine za umri huo mimi huanza kukagua waya unaoziunganisha. Kadi nyingi za zamani za Mbps 100 zinataka waya wa krosi, ule ambao ndani yake jozi ya nyaya za chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi upande mmoja. Nyumbani nilihangaika jioni nzima na waya wa kawaida, taa ya kadi haiwaki kabisa. Nilipoweka krosi ikawaka palepale.

Yenye modemu isizimwe, ikizimwa na ya pili inakosa intaneti. Na tafadhali mambo ya benki msifanyie humo: XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014.