Wenzangu Wananitegea Kazi ya Kikundi: Je, Nifute Majina Yao?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana kutoka Tanga, nami nipo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kikundi chetu cha watu watano kilikubaliana kukutana maktabani Jumamosi saa tatu asubuhi ili tukamilishe ripoti kuhusu taka za nguo katika soko la mitumba la Gikomba. Saa tatu ilinikuta peke yangu. Wa kwanza alifika karibu saa tano, akaweka mkoba kitini, akatoka kwenda kutafuta chai. Wa pili aliandika kwamba matatu imekwama Roysambu, kule Thika Road, na muda mrefu baadaye akaandika kwamba bado yuko Roysambu. Wa tatu hakutokea kabisa, ila alituma kurasa ambazo nilipozisoma niliona zinaeleza soko la jiji moja la India, wala hakujisumbua kubadilisha jina la mto. Wa nne alikuja mchana na nakala ya zamani aliyokuwa ameihifadhi kwenye kompyuta yake, akaibandika juu ya faili yetu ya pamoja, na yote niliyoandika tangu asubuhi yakatoweka.

Wakiwa pamoja huzungumza Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi, kwa kasi, na nikiuliza wamesema nini huniambia si kitu. Maswali ya kuwahoji wafanyabiashara waliniachia yote, eti kwa sababu mimi ndiye Mswahili. Nilirudi bwenini nikalia. Ripoti niliimalizia peke yangu, nikalipia uchapishaji saiba, nikaiwasilisha ikiwa na majina yote matano, na hadi leo roho inaniuma. Muhula huu tunadaiwa ripoti nyingine kuhusu soko hilohilo, na kikundi ni kilekile. Je, safari hii nifute majina ya wategaji, au nimwombe mhadhiri anipe kazi yangu mwenyewe?
Binti wa Tanga, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Siku kama hiyo humchosha mtu yeyote, lakini humchosha zaidi aliye mbali na kwao, kwa sababu wenzako jioni walirudi kwa ndugu na jamaa wa kuwasimulia yao, nawe ukarudi bwenini.

Kabla sijafika kwenye majina, kuna jambo ulilolipita haraka nami siwezi kulipita. Hukusema kama zile kurasa za India uliziondoa. Ikiwa zimo ndani ya ripoti mliyowasilisha, hata sentensi chache tu, nenda kwa mhadhiri mapema, kabla hajaanza kusahihisha, umwombe ruhusa ya kuzitoa. Kunakili kazi ya mtu na kuiita yako ni kosa la nidhamu chuoni, na kwa kuwa majina matano yako kwenye jalada, kosa litakuwa lenu nyote, ukiwemo wewe uliyekesha. Usidhani halitaonekana. Mimi nimesahihisha ripoti za vikundi kwa miaka mingi, na mahali mkono wa mwandishi unapobadilika huonekana hata bila msaada wa programu za kukagua unakili. Kuchelewa kwa matatu ni kero tu. Hili la kunakili linaweza kumfukuzisha mtu chuo.

Sasa utegaji. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ambamo watu walivuta kamba, na akaonyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo wastani wa nguvu ya kila mmoja ulivyopungua. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Bibb Latané na wenzake, waliwataka wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakakuta kwamba mtu aliyeamini yuko kundini alijibidiisha kidogo kuliko alipokuwa peke yake. Linalokuhusu zaidi ni lile waliloliona mwaka 1981: kila mtu alipoamini kwamba sauti yake inapimwa kivyake, kule kutegea kulitoweka. Watu walikuwa ni walewale, na kazi ni ileile.

Katika barua yako nimetafuta mahali palipoandikwa nani afanye nini, sikupaona. Mlikubaliana kukutana na kukamilisha, na kazi iliyoachwa iwe ya wote huishia mikononi mwa yule anayeogopa zaidi kufeli, ambaye kwenu ni wewe. Ndiyo maana sikushauri ufute jina la mtu. Ukilifuta bila kumbukumbu yoyote ya mgawanyo wa kazi, mbele ya mhadhiri litakuwa neno lako dhidi ya lao, nao wako wanne.

Badala yake, kabla ya ripoti ya pili kuanza, andika kwenye kikundi chenu cha WhatsApp kila sehemu, jina la mwenye sehemu hiyo na siku ya kuileta, kisha umtake kila mmoja ajibu kwamba amekubali. Waambie tangu mwanzo kwamba mwishoni mwa ripoti patakuwa na ukurasa unaoeleza mchango wa kila mtu, na kwamba wote watautia sahihi. Andikeni moja kwa moja kwenye faili moja ya mtandaoni, na asiwepo wa kubandika nakala kutoka kwenye kompyuta yake. Faili za namna hiyo, kama zile za Google Docs, hutunza historia ya matoleo inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Hata maandishi yako yaliyotoweka siku ile huenda bado yamo humo. Fungua historia hiyo, tafuta toleo la Jumamosi kabla ya mchana, uyarejeshe.

Kuhusu kukutana, sioni kwa nini mtu atoke upande wa Thika Road siku nzima ili akae karibu nawe akichapa. Wekeni mikutano ya ana kwa ana kwa ajili ya Gikomba yenyewe, tena asubuhi na mapema mabelo ya mitumba yanapofunguliwa, mjionee nguo zipi zinatengwa kwa kuuzwa na zipi zinatupwa. Huko ndiko Sheng inayokukera itakapowafaa. Maswali yako wafanyabiashara watayaelewa, ila wengi watakujibu kwa lugha yao ya sokoni, kwa hiyo fuatana na mwenzako anayeiongea vizuri: yeye ahoji, wewe uandike. Kwenye mikutano, wakikuambia si kitu, usinyamaze. Sema kwa upole kwamba kama ni mzaha wauendeleze, lakini kama ni la kazi wakurudilie kwa Kiswahili au Kiingereza. Wengi wao, naamini, hawajui kwamba wanakuacha nje.

Ombi la kufanya kazi peke yako liache kwanza. Wahadhiri wengi hulikataa, kwa sababu kushirikiana ni sehemu ya kinachopimwa. Mpango huu ukishindikana ndipo umwendee, ukiwa na ule ujumbe wa mgawanyo na historia ya faili mkononi, umwombe akuhamishie kikundi kingine. Na yule wa kurasa za India mpe kazi ya kuyaandika mahojiano ya Gikomba kutoka kwenye sauti mlizorekodi, maana hayo hatayakuta popote kwenye intaneti. Siku yake ikipita bila kuyaleta, ukurasa wake ubaki mtupu, na jina lake liwe juu yake.